Deni la Ghorofa ya Pili

Kampuni mpya ya umeme ilimkataa Senga McAllion kwa maneno ya adabu. Alikuwa amesimama jikoni mwake na koti mwilini, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umelikumbatia birika lipate kumpasha vidole.

"Si sisi tuliokataa, mama," alisema kijana wa kwenye simu. "Kampuni uliyonayo sasa ndiyo imegoma kukuachia. Wanasema una deni."

"Kwa hiyo siwezi kuwahama watu wanaoniuzia ghali kwa sababu wameniuzia ghali."

"Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Huo si utaratibu, ni mtego wa panya," alisema Senga. Akamshukuru, maana kosa halikuwa la kijana, akakata simu na kupiga kwa kampuni ya zamani. Alisikilizishwa muziki mpaka birika likapoa. Mwishowe akapokea mwanamke mwenye sauti ya mafua.

"Nieleze bili yangu," Senga alisema. "Polepole, kama unamweleza mtoto. Sitaona haya."

"Ina sehemu mbili. Kuna uniti ulizotumia, na kuna ada ya kila siku."

"Ada ya nini?"

"Ya kuunganishwa tu."

"Nikifunga nyumba nikaenda kukaa kwa dada yangu mjini Largs mwezi mzima?"

"Ada inaendelea."

"Yaani nalipia mlango wa duka hata nisipoingia kununua."

"Unaweza kusema hivyo. Lakini mama, tatizo lako si ada. Ni uniti. Nyumba ya vyumba viwili haitumii hata nusu ya hizi. Kuna kitu kinakula umeme hapo kwako." Mwanamke akakohoa. "Na naona hapa hakimu ametoa kibali. Alhamisi ya wiki ijayo mafundi watakuja kukuwekea mita ya ufunguo."

Mita ya ufunguo kila mtu Glasgow anaijua. Unauchukua ufunguo wako wa plastiki, unakwenda nao dukani, unapanga foleni nyuma ya mtu anayenunua maziwa, muuzaji anautia pauni zako mbele ya macho ya mtaa mzima, ndipo unarudi nyumbani kuwasha taa. Wapo wanaoichagua wenyewe na hawana neno. Lakini kuwekewa kwa nguvu, kwa karatasi ya hakimu, hilo halijawahi kumpata mtu yeyote katika jengo lile, katika nyumba zote zinazotumia ngazi zile. Senga alimzika mama yake bila kukopa. Alikuwa mpishi wa shule, analisha watoto mia tatu kila mchana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoka dirishani kwake na sahani tupu. Deni lilikuwa pauni elfu moja na mia nne. Alilitamka mara moja kwa sauti, jikoni, akajisikia kama mtu aliyetukanwa kwao.

*

"Kuna kitu kinakula umeme," alimwambia mumewe jioni ile.

Tam alikuwa kwenye sofa chini ya blanketi. Mgongo ulikuwa umemshusha kwenye usukani wa basi tangu vuli, na tangu hapo alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kuliko zamani.

"Usinitazame hivyo," alisema.

"Nani anashinda hapa mchana kutwa?"

"Mimi. Na blanketi hili. Blanketi halina waya, Senga."

"Na televisheni?"

"Juzi nilitazama mpira. Kama timu yangu ina nguvu ya kula umeme kiasi hicho, mbona haifungi goli?"

Rhona, binti yao wa miaka kumi na saba, alicheka juu ya vitabu vyake. Alikuwa amevaa glavu zilizokatwa ncha ili aweze kushika kalamu. Senga aliziona glavu zile, na hasira yake ikakosa pa kwenda isipokuwa kwa mtu aliyekuwa karibu.

"Mwanamume mzima anashinda nyumbani na hawezi hata kuchunga swichi," alisema.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, maana Senga alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini. Nje, kwenye ngazi, Bi Purdon wa mlango wa pili alikuwa amepiga magoti akisugua vidato. Ilikuwa zamu yake ya kusafisha ngazi, na akiwa na miaka themanini hakuwahi kumwachia mtu zamu yake. Alisikia kila neno na hakujifanya hajasikia.

"Senga, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "mimi bili yangu imeshuka. Nchi nzima inalia, yangu inashuka. Unajua kwa nini? Mama yetu alitufundisha, ukitoka chumbani, zima taa."

"Sisi pia tunazima, Bi Purdon."

"Sikusema hamzimi. Nimesema tu kila nyumba na malezi yake."

Mlango wa Bi Purdon nao ulikuwa wazi, na joto lilitoka humo kama joto la tanuri la mikate. Alikuwa na hita tatu za umeme kwa ajili ya magoti yake. Hakuziona kuwa ubadhirifu. Ubadhirifu, kwake, ulikuwa taa.

Tam hakumjibu mkewe. Lakini kesho yake asubuhi alivaa koti na kwenda kukaa maktaba, na keshokutwa vilevile, ili nyumba ibaki tupu na asiwepo wa kusingiziwa. Alirudi jioni mdomo wa bluu, akakaa bila chai mpaka Senga aingie, ili Senga aone kwa macho yake ni nani anayewasha birika.

Jioni ya pili Senga alimkuta amekaa hivyo, mikono kwapani, birika baridi mbele yake. Akashuka mpaka kwenye kabati la mita lililo chini ya ngazi, akasoma namba, akapanda tena. Nyumba ilikuwa tupu siku nzima, na mita ilikuwa imekwenda kama kawaida.

"Si wewe," alisema.

"Nilikwambia."

"Ulinambia. Kunywa chai."

*

Jumamosi walizima. Senga aliteremsha swichi kuu, jokofu likanyamaza, nyumba ikawa kimya. Tam alikuwa chini kwenye kabati, amejishika kiuno. Rhona alisimama katikati ya ngazi kupokea maneno.

"Mwambie imezimwa," alisema Senga.

"Baba, imezimwa."

Halafu sauti ya Tam ikapanda. "Inakonyeza."

"Anasema inakonyeza, mama. Ile taa nyekundu ya mita, inayokonyeza umeme ukitumika."

"Haiwezi kukonyeza. Mwambie avae miwani."

"Nimeivaa," Tam aliita kutoka chini. "Yetu inakonyeza. Ya Bi Purdon ndiyo imekufa kabisa. Washa tena, uweke birika."

Senga alipandisha swichi, akabonyeza birika. Huko chini, mita iliyoandikwa jina la Purdon ikaanza kukonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Rhona alikaa chini kwenye kidato, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mama, tumekuwa tunachemsha chai kwa jina la Bi Purdon."

"Na yeye anaota moto kwa jina letu," alisema Tam. Alikuwa anapanda, kidato kwa kidato, na kwa mara ya kwanza tangu vuli sauti yake ilijaa ngazi. "Nimelijua kosa. Kibandiko cha mita kinasema ghorofa ya pili kushoto. Kushoto kwa nani?"

Swali lilikuwa jepesi kwa mtu yeyote aliyekulia katika nyumba zile. Huko watu huhesabu kutoka ngazini. Ukifika juu, uso wako unaelekea barabarani, na mkono wako wa kushoto ndio kushoto. Hivyo ndivyo mtumishi wa posta anavyojua, na mleta maziwa kabla yake. Lakini miaka miwili nyuma, wenye jengo walipobadilisha nyaya na kuzishusha mita zote kwenye kabati la chini, fundi fulani alisimama barabarani, akalitazama jengo kwa mbele, na kushoto kwake kukawa kulia kwao. Mwaka uleule bei ikapanda kwa kila mtu. Senga alidhani analia na wenzake. Bi Purdon, bili yake iliposhuka, hakushangaa hata kidogo. Alimshukuru mama yake.

Senga alipiga simu kwa kampuni saa ileile. Walimwambia uchunguzi huchukua wiki kadhaa, na Alhamisi iko palepale.

"Waandikie barua," alisema Tam. "Wao watamwandikia Bi Purdon."

"Aambiwe na barua? Huyu mama alimbeba Rhona akiwa na siku nne."

"Akijua atazima hita zote. Atajigandisha kwa kiburi, unamjua. Na huyo mama ana pensheni tu."

"Kwa hiyo niwekewe ufunguo mimi, ninyamaze?"

"Sikusema hivyo."

"Sijui unasema nini, Tam."

"Nasema kuna mtu ataumia, na safari hii atakuwa hana kosa kama sisi tulivyokuwa hatuna."

Senga alifikiri akiwa anavaa viatu. Hakuchukua muda mrefu. "Kweli ataumia. Basi aumizwe na mtu anayemjua," alisema, akavuka kwenda mlango wa pili.

*

Bi Purdon alimkaribisha kwa chai na biskuti za siagi kwenye sahani yenye maua. Hita tatu zilikuwa zinang'aa. Senga alivua koti, na akagundua kuwa ni mara ya kwanza wiki ile kuvua koti akiwa ndani ya nyumba.

Alisema yote bila kuzunguka. Bi Purdon alimsikiliza mgongo umenyooka.

"Unasema nimekula umeme wako," alisema.

"Nasema mita zimepishana."

"Mimi huzima taa, Senga."

"Najua unazima. Lakini taa ni kitu kidogo, Bi Purdon. Taa yako ukiiacha usiku kucha haili anachokula huyu mmoja kwa robo saa." Alionyesha hita iliyo karibu na miguu yake. "Hawa ndio walaji. Na unao watatu."

"Miaka hamsini katika ngazi hizi. Hakuna aliyewahi kuniita mwizi."

"Wala mimi sikuiti. Ungekuwa mwizi ningekuja na polisi, nisingekuja na ulimi."

"Ondoka kwangu."

Senga aliinuka. Akatazama kikombe chake kilichojaa nusu.

"Kimalize kwanza," alisema Bi Purdon kwa hasira. "Sitoi mtu na chai yake. Kimalize, kisha uondoke."

Alikimaliza akiwa amesimama.

*

Alhamisi Senga aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la arusi za watu, akapaka rangi ya mdomo. Tam alinyoa ndevu. Walisimama wote wawili mbele ya kabati la mita kabla mafundi hawajafika, na Rhona akakaa kidato cha chini na kukataa kwenda shule.

Walikuja wanaume wawili. Mmoja alikuwa na begi la vifaa, mwingine karatasi. Juu yao milango ikaanza kufunguka taratibu, upana wa pua moja moja.

"Bi McAllion?" aliuliza mwenye karatasi. "Ghorofa ya pili kushoto?"

"Ndiye mimi. Lakini mita hiyo siyo yangu."

"Ina jina lako."

"Hata jiwe la kaburi unaweza kuliandika jina langu, sitalala humo leo."

"Mama, sisi tunafuata karatasi."

"Nimeiona karatasi. Naomba ufuate na waya."

Fundi mwenye begi alicheka kidogo, mwenzake akamtazama, akaacha. Hapo ndipo kikasikika kitu kikigonga vidato, polepole. Ilikuwa fimbo. Bi Purdon alikuwa anashuka, amevaa kofia ya kanisani na glavu za ngozi, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshika mkono. Alifika chini, akapumua, akamgeukia mwenye karatasi.

"Jumapili nilizima kila kitu changu, nikashuka hapa nikatazama," alisema. "Jumatatu nikafanya tena, kwa kuwa sikulipenda jibu. Jibu lilikuwa lilelile. Mita hiyo unayotaka kuifungua ni yangu. Deni ni langu."

Senga, aliyekuwa na maneno tayari kwa kila mtu, alimpisha mbele ya kabati.

"Nimeacha redio inaimba huko juu makusudi," Bi Purdon aliendelea. "Chomoa fyuzi ya mita hiyo, kijana, mpate kuamini."

Fundi alichomoa. Ghorofa ya pili, katikati ya wimbo, redio ikakatika. Kwa McAllion mashine ya kufulia iliendelea kuzunguka na kugonga ukuta kama inayopiga makofi.

"Basi," alisema mwenye karatasi, akijikuna shingo. "Kama deni ni la bibi huyu, itabidi mita ya ufunguo tumwekee yeye."

Bi Purdon aliinua kidevu. "Weka."

"Hawekewi mtu," alisema Senga. Alijisogeza mpaka bega lake likafunika nusu ya kabati. "Kibali chako kina jina la nani?"

"Lako."

"Na mita hii ya nani?"

"Ya bibi, inavyoonekana."

"Basi kwa mita hii huna kibali. Na yangu ile haina deni. Niambie utafungua ipi."

Mwenye karatasi aliisoma karatasi yake upya, kana kwamba ingekuwa imebadilika. Kisha akamuuliza Bi Purdon umri wake, akaambiwa.

"Hata hivyo mtu wa umri huo haturuhusiwi kumwekea kwa nguvu," alisema, na sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake.

"Kwa hiyo nimeokolewa na uzee," alisema Bi Purdon. "Bora ungeniwekea."

Wakaondoka. Senga aliwatazama mpaka mlango wa barabarani ukajifunga. Halafu aliinua uso kuelekea ile milango yenye pua.

"Mnanisikia wote?" alisema. "Juma lililopita nilimsema mume wangu hapa mlango ukiwa wazi, na najua mlisikia maana nina sauti ya jikoni. Tam McAllion hakuwasha kitu. Alikaa na baridi kwa sababu yangu na hakunijibu. Mlichosikia siku ile kilikuwa uongo. Hiki ndicho cha kweli."

Tam alitazama viatu vyake, masikio mekundu. "Ungeniambia tu jikoni," alinong'ona.

"Sikukusema jikoni."

*

Kampuni ilikiri kosa mwezi uliofuata, kwa barua ndefu isiyokuwa na neno pole. Senga akarudishiwa alichozidishiwa, na wiki ileile akahamia kampuni mpya bila mtu kumzuia. Bi Purdon alidaiwa umeme wa mwaka mmoja tu, kwa kuwa sheria hairuhusu kampuni kurudi nyuma zaidi ya hapo pale ambapo mteja hana kosa. Tam alishauri wampe mama wa watu sehemu ya fedha zao.

"Atazitupa dirishani, na atanitupa mimi nyuma yake," alisema Senga. Badala yake alivuka na kalamu.

Hita mbili zilikuwa zimezimwa. Moja iliwaka, mbele ya magoti. Senga alivaa koti lake na Bi Purdon akavaa lake, wakakaa meza moja kama abiria.

"Nionyeshe hiyo ada," alisema Bi Purdon.

"Hii hapa. Unailipa kila siku, uwashe usiwashe."

"Hata nikifa?"

"Mpaka mtu awaambie umekufa."

"Wezi," alisema Bi Purdon kwa utulivu. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo bei ya uniti. Nimeuliza kwa kampuni nyingine tatu, zote ziko chini yake. Ngoja nikupigie simu, nikuombee upangiwe malipo ya kidogo kidogo."

Alikuwa ameshabonyeza namba. Mwanamke mwenye mafua, ambaye sasa alikuwa amepona, alipokea. Senga alifungua kinywa, na mkono mkavu ukaja ukaichukua simu sikioni mwake.

"Mdomo ninao," alisema Bi Purdon. Akaiweka simu vizuri chini ya nywele zake nyeupe. "Hujambo. Naitwa Euphemia Purdon, na nina deni lenu. Nitalipa pauni ishirini kila mwezi. Siyo ishirini na tano, nimeshasikia unavyovuta pumzi. Ishirini."

Simu ililalama kidogo.

"Vizuri. Sasa nataka kuhama."

Simu ililalama zaidi.

"Naelewa, jirani yangu amenieleza. Mwenye deni hahami. Basi nitalipa mpaka peni ya mwisho, na siku hiyo nitahama. Una kalamu? Andika kabisa leo, nisije nikafa mkasema vingine. Andika kwamba sikufukuzwa. Niliondoka."

Alisikiliza.

"Nisomee ulichoandika," alisema.